Kerneli mpya imetoka lakini haijafika kwako: tafuta ilipokwama

Tovuti ya kernel.org inaonyesha toleo jipya la kerneli, kiini cha mfumo wa Linux. Unaandika amri ya kusasisha, jibu linarudi kwamba hakuna jipya. Siku zinapita, hali ni ile ile, na watu wanaanza kuulizana kama wafungashaji wa distro yao (mkusanyo wa Linux wanaoutumia, kama Debian, Fedora au Ubuntu) bado wapo kazini.

Wapo. Ila tangu Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, atangaze toleo mpaka kerneli hiyo iwake kwenye mashine yako, njia ni ndefu. Timu ya distro inachukua msimbo na kuuunganisha na viraka vyake, yaani marekebisho yake ya msimbo. Mashine za ujenzi zinaujenga kwa kila aina ya prosesa. Kifurushi kinatiwa saini, kinapita majaribioni, kinaingia ghala kuu, kinasambaa kwenye seva za nakala. Ndipo programu yako ya kusasisha inakiona na kukisakinisha, na mwisho kabisa GRUB, programu inayoanzisha mfumo, ndiyo inayoamua kama itakiwasha. Inaweza kukwama popote hapo, na kila mahali pana dawa yake. Asiyejua ilipokwama anaweza kujenga kerneli kwa mkono usiku kucha kumbe sehemu ya diski ya /boot, zinapokaa faili za kerneli, imejaa, au akaifungulia timu ya kerneli ripoti ya hitilafu kumbe aliyechelewa ni mtunzaji wa draiva ya nje, isiyo sehemu ya msimbo wa kerneli.

Kwa hiyo usianze na dawa. Anza na swali moja: imefika wapi? Nitapita dalili moja baada ya nyingine, nikianza na ile inayopotosha watu wengi kuliko zote.

Dalili: uname inaonyesha namba kongwe

Hakikisha kwanza unasoma namba sahihi. Kwenye Debian 12, amri ya `uname -r`, inayotaja kerneli inayokimbia sasa, inaweza kujibu hivi:

`6.1.0-18-amd64`

Ukiona 6.1.0 utadhani unatumia toleo la kwanza kabisa la mfululizo wa 6.1, lile la Desemba 2022, bila kiraka hata kimoja. Sivyo. Hilo ni jina ambalo Debian inalitumia kutambua kerneli ambazo moduli za nje (vipande vya ziada kama draiva) zinaweza kushirikiana nazo bila kujengwa upya. Toleo halisi unalipata kwa `uname -v`:

`#1 SMP PREEMPT_DYNAMIC Debian 6.1.76-1 (2024-02-01)`

Sasa unaona ukweli: 6.1.76, lenye marekebisho yote ya mfululizo huo hadi mwanzoni mwa Februari 2024. Mashine ni ile ile, kerneli ni ile ile, ila umeuliza swali jingine.

Kwenye RHEL, distro ya kampuni ya Red Hat, namba inadanganya zaidi. RHEL 8 ilitoka mwaka 2019 na kerneli 4.18, RHEL 9 ikatoka 2022 na 5.14, na namba hizo hazibadiliki maisha yote ya toleo. Red Hat huchukua marekebisho, hata madraiva mazima, kutoka kerneli za mbele na kuyapandikiza kwenye msingi ule ule. 5.14 ya kernel.org iliacha kutunzwa mwaka 2021, lakini 5.14 iliyo ndani ya RHEL 9 ina mambo mengi ambayo ile haikuwahi kuwa nayo. Ukizilinganisha kwa namba tu unalinganisha vitu viwili tofauti vyenye jina moja.

Siku hizi kuna chanzo kingine cha hofu hii: programu za kukagua usalama. Tangu Februari 2024 mradi wa kerneli wenyewe una mamlaka ya kutoa namba za CVE, yaani vitambulisho vya udhaifu wa usalama, na sera yake ni kutoa namba kwa marekebisho mengi mno, maana hitilafu karibu yoyote ndani ya kerneli inaweza kuwa na athari za usalama kwa mtu fulani, mahali fulani. Orodha zimekuwa ndefu. Programu ya ukaguzi inayolinganisha namba ya toleo peke yake itakupa kurasa na kurasa za udhaifu, ambao sehemu yake imeshazibwa kwa viraka vya distro. Kabla ya kumpelekea mtu yeyote orodha hiyo, iulize kerneli yako yenyewe:

`apt changelog linux-image-$(uname -r)`

`rpm -q --changelog kernel-core | grep CVE`

Kwa Debian, security-tracker.debian.org inakuonyesha kila namba ya CVE na hali yake katika kila toleo la distro. Ukikuta udhaifu unaokuhusu umezibwa, hakuna kilichochelewa na kazi yako imeisha. Ukikuta bado, sasa una swali halisi la kuuliza, na lina namba yake.

Dalili: toleo jipya lina wiki kadhaa, distro yako haina hata dalili yake

Hapa chanzo ni sera, na hakuna hitilafu ya kurekebisha. Inafaa kujua kerneli inavyotoka ili sera hizo zieleweke. Toleo kubwa jipya hutoka kila wiki 9 au 10. Wiki 2 za mwanzo ni za kupokea mabadiliko mapya, halafu yanafuata matoleo ya majaribio, rc1, rc2 na kuendelea, mpaka rc7 au rc8, moja kila wiki. Toleo likishatangazwa, timu ya matoleo thabiti inayoongozwa na Greg Kroah-Hartman hutoa marekebisho yake, .1, .2, .3, mara nyingi kila wiki. Toleo la kawaida hutunzwa miezi kama 3 hivi, kisha huachwa. Machache huteuliwa kutunzwa kwa miaka: 5.10, 5.15, 6.1, 6.6, 6.12.

Jiweke katika nafasi ya distro inayoahidi miaka mingi ya utulivu. Kerneli itakayoachwa baada ya miezi 3 haina kazi kwako. Ndiyo maana Debian 12 ilichagua 6.1 na Debian 13 ikachagua 6.12, na zitabaki humo humo zikipokea viraka. Anayesubiri Debian thabiti ipande yenyewe kwenda kerneli ya mwezi huu anasubiri kitu ambacho hakuna aliyemwahidi.

Distro zinazosonga mfululizo, kama Arch na openSUSE Tumbleweed, zina mwendo mwingine, lakini hata nazo hazikimbilii toleo siku ile ile linapotangazwa. Arch kwa kawaida huiweka kerneli mpya kwenye ghala la majaribio kwanza, na mara nyingi watumiaji wa kawaida huipata ikiwa imeshafika .1 au zaidi. Fedora iko katikati: matoleo yake yaliyokwisha kutoka huhamishiwa kerneli mpya, ila baada ya marekebisho ya awali na wiki ya majaribio ambayo mtu yeyote anaweza kushiriki. Naiona Fedora kuwa mfano mzuri kuliko zote wa kuchelewa kwa makusudi, kwa sababu siku zile za kusubiri zina kazi ndani yake na kazi hiyo iko wazi kwa kila mtu.

Ubuntu nayo ilibadili msimamo Agosti 2024: timu ya kerneli ya Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ilitangaza kuwa matoleo mapya ya Ubuntu yatachukua kerneli ya mbele kabisa iliyopo wakati wa kutoka, hata ikiwa bado iko katika hatua ya rc siku ya kufunga mabadiliko. Kabla ya hapo walikuwa wakichagua kerneli iliyotulia zaidi, na watu wenye kompyuta mpya walikuwa wakilalamika.

Kama una kifaa kipya kisichotambuliwa na kerneli uliyonayo, dawa ipo ndani ya distro yenyewe. Kwenye Debian 13, ukiwa umeongeza ghala la backports, lenye vifurushi vipya vilivyojengwa kwa toleo thabiti:

`sudo apt install -t trixie-backports linux-image-amd64`

Kwenye Ubuntu 24.04, iliyotoka na 6.8:

`sudo apt install linux-generic-hwe-24.04`

Kwa RHEL na ndugu zake, ghala la ELRepo lina `kernel-lt` kwa toleo la muda mrefu na `kernel-ml` kwa lile la mbele, ingawa ukishaiweka umetoka kwenye msaada rasmi wa Red Hat kwa upande wa kerneli.

Tahadhari kwa wenye vifaa vipya: mara nyingine kerneli inakitambua kifaa lakini programu dhibiti yake (firmware) haipo kwenye diski. Tazama `sudo dmesg | grep -i firmware`. Ukiona malalamiko ya faili lisilopatikana, kinachohitaji kusasishwa ni kifurushi cha programu dhibiti, na kerneli mpya peke yake haitakusaidia.

Dalili: timu imeshapakia msimbo, kifurushi hakionekani

Umefuatilia kwa bidii, umeona kwenye tracker.debian.org kwamba chanzo cha `linux` kimepakiwa, lakini hakuna cha kusakinisha. Imekwama kwenye ujenzi au kwenye saini.

Ujenzi kwanza. Debian haijengi kerneli kwa amd64 tu, yaani prosesa za Intel na AMD za biti 64. Kuna arm64, ppc64el, s390x, riscv64 na nyinginezo, na badiliko dogo linaweza kujengeka kwenye moja na kushindwa kwenye nyingine. Buildd.debian.org inaonyesha hali ya kila moja, pamoja na kumbukumbu za ujenzi ulioshindwa. Na hata kabla ya kufika huko, mfungashaji ana kazi isiyoonekana: kila toleo kubwa huleta machaguo mapya ya usanidi, na kila moja linahitaji mtu aamue liwashwe, lizimwe au liwe moduli. Ukitaka kujua ukubwa wa kazi hiyo, chukua msimbo wa toleo jipya, weka ndani yake faili la `.config` la kerneli yako ya sasa, kisha andika `make listnewconfig`. Halafu viko viraka vya distro ambavyo havikubali tena kuunganishwa kwa sababu msimbo uliokuwa chini yake umehama. Hii ni kazi ya watu wachache, na kuamua vibaya kunaweza kuacha maelfu ya kompyuta bila sauti au bila mtandao.

Saini ndiyo sehemu ambayo wengi hawaijui. Ili kerneli iwake wakati Secure Boot (ulinzi unaokataa kuwasha programu isiyo na saini) imewashwa, lazima isainiwe kwa ufunguo unaoaminiwa na shim, programu ndogo inayotangulia GRUB, na shim yenyewe imesainiwa na Microsoft. Kwenye Debian hatua hii imetengwa: chanzo cha `linux` kinajengwa kwanza na kutoa kerneli isiyo na saini, ndipo huduma ya saini inapotengeneza chanzo kingine, `linux-signed-amd64`, nacho kinajengwa upya. Katikati ya hatua hizo mbili unaweza kukuta kifurushi chenye jina linaloishia na `-unsigned` kipo huku kile cha kawaida bado. Usifanye lolote, subiri. Kikisuasua na una haraka ya kweli, angalia `mokutil --sb-state`. Secure Boot ikiwa imezimwa, isiyo na saini itawaka. Ikiwa imewashwa, usiizime kwa ajili ya kuokoa siku moja.

Kwa Debian liongeze na hili: kifurushi chenye jina jipya hupita foleni ya ukaguzi iitwayo NEW, na namba ya kerneli iko ndani ya jina la kifurushi. Namba inapobadilika, jina nalo ni jipya.

Upande wa Fedora unafuatilia ujenzi kwenye Koji na majaribio kwenye Bodhi. Ukiikuta kerneli iko Bodhi ikisubiri kura za wajaribu, basi unaweza kuharakisha mwenyewe:

`sudo dnf upgrade --enablerepo=updates-testing 'kernel*'`

Iwashe, tumia kompyuta kama kawaida, kisha rudi Bodhi uandike kilichofanya kazi na kilichoshindwa. Kura moja yenye maelezo ya kifaa chako ina thamani kubwa kwa mfungashaji kuliko maombi kumi ya kuuliza lini itatoka.

Dalili: iko unstable, testing haina

Debian ina programu inayohamisha vifurushi kutoka unstable, tawi linalopokea vipya kwanza, kwenda testing, tawi linaloandaliwa kuwa toleo thabiti, na ina masharti: siku za kusubiri zipite, ambazo kwa kawaida ni 2, 5 au 10 kulingana na uharaka uliotajwa, isiwepo hitilafu mpya nzito, ijengwe kwenye aina zote za prosesa zinazotakiwa, majaribio ya kiotomatiki yapite. Ukurasa wa kifurushi kwenye tracker unaandika wazi ni sharti gani halijatimia. Usome kabla ya kukisia. Wakati distro inajiandaa kutoa toleo jipya thabiti, uhamishaji huu hufungwa kwa hatua, na hapo kusubiri kunaweza kuchukua miezi.

Mtumiaji wa testing ajue pia kwamba marekebisho ya usalama ya Debian thabiti yana njia yake ya moja kwa moja kupitia ghala la usalama, ilhali yeye anategemea uhamishaji huu. Kuna nyakati aliye kwenye thabiti anapata kiraka kabla yake. Akiwa na seva inayoguswa na intaneti, testing si mahali pake.

Kama unadhani subira hii ni urasimu mtupu, kumbuka Desemba 2023. Kerneli 6.1.64-1 ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya Debian 12.3. Ndani ya mfululizo wa 6.1 kilikuwa kimerudishwa kiraka cha ext4 (mfumo wa faili wa Linux) kilichotegemea kiraka kingine, na hicho cha pili hakikurudishwa. Matokeo yake, baadhi ya programu zilizoandika kwenye diski kwa njia ya moja kwa moja ziliweza kuharibu data. Hiyo haikuwa kerneli ya majaribio. Ilitoka kwenye mfululizo thabiti wa muda mrefu. Debian ilisimamisha utoaji wa 12.3, ikairuka kabisa, na tarehe 10 Desemba 2023 ikatoa 12.4 yenye 6.1.66. Walioharakisha siku zile walichukua hatari ya kupoteza faili zao. Kwa kosa la draiva ya sauti unawasha kerneli ya zamani na maisha yanaendelea, lakini faili lililoharibika halirudi kwa kubadili kerneli. Nikipima siku chache za kusubiri dhidi ya hilo, nasubiri.

Dalili: wengine wameipata, apt yako inasema hakuna

Kerneli iko ghala kuu, wewe huioni. Sasa umekaribia nyumbani, na kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni seva ya nakala unayoitumia. Ghala la Debian husasishwa mara 4 kwa siku, kisha seva za nakala huchukua kutoka hapo, na nyingine husinzia kwa siku au wiki bila mtu kugundua. Angalia tarehe ya orodha uliyopakua:

`grep ^Date /var/lib/apt/lists/*InRelease`

Tarehe ya ghala la masasisho au la usalama ikiwa imepitwa sana, badilisha seva, utumie deb.debian.org. (Ghala la toleo thabiti lenyewe hubadilika kwa nadra, kwa hiyo tarehe yake ya zamani isikutishe.) Kwenye Arch, panga upya `/etc/pacman.d/mirrorlist` kisha `sudo pacman -Syyu`. Usiandike `pacman -Sy linux` peke yake. Ni njia ya kuvunja mfumo kwa kusasisha nusu.

La pili ni ghala lililosahauliwa. Kwenye Debian, kerneli za usalama hutoka security.debian.org, na mfumo usio na mstari wa ghala hilo kwenye vyanzo vyake utasubiri mpaka toleo dogo linalofuata. Nimekuta seva zilizokaa hivyo muda mrefu, wenye nazo wakiamini Debian ni wazito. `apt policy linux-image-amd64` inakuonyesha kila ghala linalojulikana na mashine yako lenye kifurushi hicho, na toleo lililomo. Ikiwa hakuna mstari wenye neno `security`, umepata jibu.

Dalili: inaonekana, haisakinishwi

Ukiona ujumbe wa `kept back`, mara nyingi maana yake kusasisha kunahitaji kifurushi ambacho hakikuwepo, na amri uliyotumia hairuhusiwi kuongeza vipya. `apt-get upgrade` ina tabia hiyo. Tumia `sudo apt upgrade` au `sudo apt full-upgrade`.

Kama hakuna ujumbe wowote, tafuta kufuli. Kwa Debian na Ubuntu ni `apt-mark showhold`. Kwa Fedora na RHEL tazama mstari wa `exclude` au `excludepkgs` ndani ya `/etc/dnf/dnf.conf`, na `dnf versionlock list` ikiwa programu-jalizi hiyo ipo. Kwa Arch ni `IgnorePkg` ndani ya `/etc/pacman.conf`. Kufuli hizi huwekwa siku ya dharura na kusahauliwa.

Chanzo kingine ni kukosekana kwa kifurushi kikuu, `linux-image-amd64` kwenye Debian au `linux-generic` kwenye Ubuntu. Chenyewe hakina kerneli ndani. Kazi yake ni kuelekeza kwenye kerneli ya sasa. Mtu akikiondoa wakati wa kusafisha diski, kerneli iliyopo itabaki pale milele bila kosa lolote kuonekana. Kirudishe:

`sudo apt install linux-image-amd64`

Dalili: imesakinishwa, inawaka ya zamani

Umewasha upya? Naliuliza kwa dhati, kwa sababu seva nyingi husasishwa kiotomatiki bila kuwashwa upya. Kwenye Ubuntu, kuwepo kwa faili la `/var/run/reboot-required` ni ishara. Ila kama unatumia huduma ya kuweka viraka kwenye kerneli inayoendelea kukimbia, kama Livepatch au kpatch, namba ya `uname` haitabadilika hata baada ya kiraka kuingia.

Umewasha upya na bado? Angalia nafasi: `df -h /boot`. Sehemu hiyo ikijaa, faili la initramfs (mfumo mdogo wa muda unaoisaidia kerneli kuanza) haliandikwi lote, na usakinishaji unabaki nusu. Ondoa kerneli za zamani kwa `sudo apt autoremove --purge`, kisha `sudo dpkg --configure -a` ikamilishe kilichobaki. Usifute faili za /boot kwa `rm`: kidhibiti cha vifurushi kitaendelea kuamini kuwa zipo. Kama sehemu ni ndogo na huwezi kuipanua, kuweka `MODULES=dep` kwenye `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf` kunapunguza sana ukubwa wa kila initramfs, kwa masharti kwamba hutahamishia diski hiyo kwenye mashine nyingine.

Nafasi ipo? Sasa GRUB. Ikiwa `/etc/default/grub` ina `GRUB_DEFAULT=saved` au namba fulani, unaweza kuwa umeifunga kwenye kerneli ya kale. Kwenye Fedora, `sudo grubby --default-kernel` inasema ipi itawaka, na `UPDATEDEFAULT` ndani ya `/etc/sysconfig/kernel` huamua kama mpya itachukua nafasi. Kuna mtego mmoja unaostahili kutajwa: GRUB hupanga kerneli kwa namba ya toleo, kubwa juu. Mtu aliyewahi kujenga mwenyewe 6.15 kwa majaribio na kuiacha, ataendelea kuiwasha hiyo kila siku, huku 6.12 ya Debian ikisasishwa chini yake bila kuguswa. Anaamini anapata viraka, kumbe anatumia kerneli iliyoachwa. Hali hii ni ya hatari kuliko zote nilizotaja katika sehemu hii, maana kila amri ya kusasisha inamjibu kwamba mambo ni shwari.

Arch ina sura yake. Baada ya kusasisha, moduli za kerneli ya zamani huondolewa, kwa hiyo mpaka uwashe upya, kifaa cha USB ulichochomeka kinaweza kukataa kufunguka. Hilo linaisha kwa kuwasha upya. Lakini kama sehemu ya EFI ndiyo /boot yako na haikuwa imepachikwa wakati wa kusasisha, kerneli mpya iliandikwa kwenye saraka tupu, ile ya zamani ndiyo inawaka, na moduli zake hazipo. Linganisha `uname -r` na `ls /usr/lib/modules`, kisha `findmnt /boot`. Pachika sehemu hiyo, sakinisha upya kifurushi cha `linux`, washa upya.

Dalili: kerneli mpya inawaka lakini skrini ni nyeusi, au ZFS (mfumo wa faili ulio nje ya kerneli) haipo

Hii mara nyingi huitwa kuchelewa kwa kerneli, ilhali kerneli imefika salama na kilichochelewa ni moduli ya nje. Ndani ya kerneli hakuna ahadi ya kudumisha kiolesura kimoja kwa madraiva. Watunzaji wake wamekataa ahadi hiyo wazi, na wanamshauri kila mwenye draiva ailete ndani ya msimbo mkuu. Anayebaki nje anakubali kuirekebisha draiva yake kila mara.

Programu ya DKMS hujaribu kuijenga moduli upya kwa kila kerneli. Angalia `dkms status`. Kama kerneli mpya haimo kwenye orodha, kwanza hakikisha `linux-headers-amd64` imesakinishwa, kisha soma `make.log` ndani ya `/var/lib/dkms/`, kwenye folda ya moduli husika. Mstari wa kwanza wenye kosa ndio wa maana, mingine kwa kawaida ni matokeo yake.

Februari 2024 jambo hili lilitokea hata kwenye Debian thabiti. Kerneli 6.1.76 iliyokuja na Debian 12.5 ilikuwa na badiliko lililofanya moduli ya NVIDIA iguse kitu kinachoruhusiwa kwa moduli zenye leseni ya GPL, leseni huria ya kerneli, pekee. Ujenzi ukakataa, na watu wakabaki bila michoro mpaka draiva iliporekebishwa. Waliokuwa na kerneli ya awali kwenye menyu ya GRUB waliichagua na kuendelea na kazi. Kwa hiyo usiiondoe kerneli ya awali mpaka mpya ithibitike. Fedora huacha 3 kwa chaguo-msingi, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa ZFS huna haja ya kukisia: faili la META ndani ya msimbo wa OpenZFS lina mstari wa `Linux-Maximum` unaotaja kerneli ya juu kabisa inayokubalika. Kerneli ikiwa juu ya hapo, izuie kwa `apt-mark hold` mpaka toleo jipya la OpenZFS litoke, na uandike mahali kwamba umeweka kufuli hilo.

Umepita kote na kweli imechelewa

Unaweza kujenga mwenyewe kwa `make bindeb-pkg`, na kwa kujaribu kifaa au kutafuta kiraka kilichovunja kitu ni njia nzuri. Kwa mashine ya kazi sikushauri. Kuanzia siku hiyo wewe ndiye timu ya usalama: kila wiki toleo jipya, na hakuna atakayekukumbusha.

Njia yenye manufaa zaidi ni kuripoti vizuri. Tafuta kwanza kama ripoti ipo. Kisha taja toleo la distro, tokeo la `uname -a`, toleo la kernel.org lenye rekebisho unalohitaji, na kiraka chenyewe kama unakijua. Eleza kinachoshindikana bila kiraka hicho, ukitoa namba ya kifaa kutoka `lspci -nn` au `lsusb`. Kama umejaribu kerneli ya mbele na tatizo likaisha, sema hivyo, utaje na namba ya toleo ulilojaribu. Mfungashaji akipata hayo anaweza kukirudisha kiraka kimoja kwenye kerneli thabiti bila kungoja toleo zima, na mara nyingi hicho kimoja ndicho pekee ulichokuwa ukikihitaji.